Katambuga za Vitalis

Mzee Tarsisi aliteremka kwenye basi la kutoka Mbinga akiwa amekumbatia kikapu, na kondakta alipotaka kumpokea alikaziwa jicho mpaka akarudi nyuma.

"Shikamoo, baba," Ottilia alisema, akipiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huku?"

"Hatujambo. Lete kikapu nikusaidie."

"Hiki nabeba mwenyewe."

Ottilia aliurudisha mkono. Abiria wengine walikuwa wamesimama wakilitazama ziwa, maana hakuna mtu anayetoka milimani akafika Mbamba Bay asilitazame ziwa. Mzee Tarsisi alikuwa amelipa mgongo. Alitazama kule juu alikotoka, kama mtu aliyeacha chungu motoni, na alibaki hivyo mpaka bintiye alipomshika kiwiko na kumwongoza njia.

Kwao Mbuji alikuwa mtu wa kahawa, mahindi na misa ya Jumapili. Ukimuuliza habari za ziwa, atakujibu kwamba ziwa ni zuri likitazamwa kutoka mbali, na hata hivyo si kwa muda mrefu.

"Na huo mchezo wenyewe ni kesho?" aliuliza wakitembea.

"Kesho asubuhi, baba. Mbio za mitumbwi, halafu kuvuta kamba, halafu ngoma ya mganda."

"Na chuo kikuu kinatoa shahada kwa hayo."

"Kwa kuyasimamia, baba."

"Mimi nimecheza mganda tangu sijaota ndevu. Sijaona aliyeniletea shahada nyumbani."

Ottilia alicheka, ingawa moyoni hakucheka. Utani huo alikuwa ameuvumilia kwa miaka yote ya masomo yake. Shahada yake iliitwa Utawala wa Burudani, na baba yake, akiulizwa na waumini wenzake nje ya kanisa kwamba binti anasomea nini, alikuwa akijibu, "Utawala," kisha anafunga mdomo haraka, watu wajiwazie ukuu wa wilaya. Neno la pili hakuwahi kulitamka hadharani. Safari hii Ottilia alimwomba aje aone kwa macho yake. Alikuwa mwaka wa mwisho, yuko kwenye mafunzo kwa vitendo huku ziwani, na bonanza la kesho lilikuwa kazi yake mwenyewe kuanzia kamba ya kuanzia mbio mpaka maji ya kunywa. Mzee aliposema atakuja, Ottilia alidhani Mungu amemsikia. Hakujiuliza Mungu amemsikia nani.

Maana palikuwa na jambo la pili, na jambo lenyewe lilikuwa na jina. Hamphrey.

Hamphrey alikuwa kijana wa palepale Mbamba Bay, mrefu, mwenye mabega ya kupiga kasia na sauti ya upole isiyolingana na mabega hayo. Alifundisha watoto kuogelea kwenye ghuba, na siku za wageni aliwavusha kwenda kisiwani. Ndiye aliyempeleka Ottilia huko mara ya kwanza, binti wa chuo na futi yake ya kupimia, akitafuta mahali pa wageni kupumzika. Ottilia alichagua kivuli, akachora njia, akasema panahitajika meko. Hamphrey akaenda kuokota mawe. Aliweka la kwanza chini, akasema, "Figa moja haliinjiki chungu." Akaweka la pili karibu na la kwanza. La tatu, lenye pembe iliyomeguka, hakuliweka. Alimpa Ottilia mikononi, akamtazama usoni, akangoja. Ottilia aliliweka, na mikono yake ilitetemeka si kwa uzito wa jiwe. Siku hiyo walichoma samaki aina ya mbasa juu ya mafiga yale mpaka mawe yakawa meusi, na alipopanda mtumbwi kurudi alijua kwamba amekwisha.

Nyumbani walipopata habari, mama alilalamika kwamba kijana ni Mwanglikana. Baba hakulalamikia dini. Alisema, "Binti wa nyumba hii haolewi na mtu wa ziwani. Na hata angekuwa wa milimani, haolewi bado." Ottilia alijua maana ya hiyo "bado".

Kabla Ottilia hajajifunza kutembea, mdogo wake baba, Vitalis, aliteremka ziwani kununua samaki wa kwenda kuuza Mbinga. Alipanda mtumbwi, akapita kisiwa, na karibu na jabali ambalo watu wa ziwani huliita Mwamba wa Nje mtumbwi ukapinduka. Hakuonekana tena. Katika ukoo wao, aliyekufa bila kuzikwa hajaondoka nyumbani. Yupo mlangoni, anangoja, na mlango anaoungojea maiti hauwezi kumtoa bibi harusi. Dawa yake ni moja: jiwe kutoka palepale alipozamia, livikwe sanda, lizikwe penye makaburi ya wazazi wake. Miaka yote hiyo hapakuwa na mtu wa milimani aliyethubutu kulifuata.

Jioni ile, akiwa uani kwa Mama Hamphrey akimsaidia kuchambua dagaa, Ottilia aliinua macho akawaona. Baba yake na Hamphrey walikuwa wamesimama kando ya mtumbwi uliofunikwa mchangani. Mzee alifunua kikapu, akamwonesha kijana kitu, akafunika. Walizungumza kwa kifupi. Kisha wakapeana mikono, baba yake, yeye ambaye mwaka jana hakuitika hata shikamoo ya yule kijana.

Jambo hilo lilipaswa kumfurahisha. Badala yake dagaa wakamponyoka vidoleni.

*

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kupita kiasi. Mbali kusini nguzo za kungu, wale wadudu wa ziwa wanaopaa kama moshi, zilikuwa zimesimama wima bila kupinda. Watu walikuwa wameanza kujaa ufukweni na khanga zao na watoto wao, na Hamphrey alikuwa akipaka mafuta mpini wa kasia lake wakati Ottilia alipomwendea.

"Jana mlizungumza nini na baba?"

"Mambo ya wanaume."

"Hamphrey."

"Alinipa mkono, Oti. Mwaka mzima sijapata hata salamu yake, jana kanipa mkono. Hufurahi?"

"Kikapuni mna nini?"

Hamphrey alilitazama kasia lake kana kwamba limemwita.

"Alikutajia Mwamba wa Nje?"

"Kila mtu hapa anautaja Mwamba wa Nje."

"Sikukuuliza kila mtu. Nitazame mimi."

Akamtazama. Macho yale yalikuwa na tabia ya kumtuliza Ottilia, na leo yalimtisha kwa sababu yalikuwa yakijitahidi.

"Ukifika kisiwani unageuza," Ottilia alisema. "Unageuza pamoja na wenzako. Huendi hata kasia moja mbele."

"Nageuza."

"Apa."

"Haki ya mama yangu."

"Na ukisikia filimbi tatu ndefu?"

"Popote nilipo, narudi. Hata kama nimemwona samaki mwenye pete ya dhahabu mdomoni." Ottilia alicheka bila kutaka, naye akasogea karibu, akashusha sauti. "Oti, wewe unanipenda au unanisimamia?"

"Leo vyote viwili."

Alitaka kumgusa shavu, lakini watu walikuwa wengi na baba yake alikuwa akija. Akamwamini. Moyo ukishapenda, akili huomba ruhusa ikaondoka, na ya Ottilia iliondoka asubuhi ile bila hata kuaga.

Kulikuwa na kazi ya kufanya. Chuoni alifundishwa kwamba katika michezo ya majini kila anayeingia lazima ahesabiwe, na kila anayetoka ahesabiwe tena. Wiki aliyofika na kueleza utaratibu huo, Mama Hamphrey alimkatiza mbele ya wote.

"Watu hawahesabiwi, mwanangu. Ukihesabu watu ziwani, ziwa nalo linahesabu."

Wapiga kasia wote walikubaliana na mama huyo. Walikuwa tayari kuvaa maboya, kufuata bendera, kutii filimbi, lakini kuhesabiwa kama mbuzi wa mnada, hapana. Ndipo Hamphrey akatoa wazo. Watu wa ziwani wana desturi ya kuacha viatu mchangani wakiingia majini. Basi, zihesabiwe ndala. Ottilia akatandika turubai la kijani karibu na maji, na kila mpiga kasia akawa anaweka jozi yake hapo kwa safu, na akirudi anaichukua. Mwalimu wao alikuwa na neno alilolirudia mpaka wanafunzi wakalichoka: mchezo hauishi mshindi anapofika, unaisha wa mwisho anapovaa viatu.

Hamphrey aliweka zake mwishoni, ndala za buluu zilizofungwa waya kwenye mkanda mmoja. Ottilia alikuwa akimalizia hesabu alipoona kivuli kimeinama pembeni. Baba yake alikuwa amefunua kikapu. Alitoa katambuga kuukuu za tairi, kavu, zilizopasuka visigino, akaziweka baada ya ndala za buluu, akazinyoosha zilingane.

"Baba, hizi…"

"Ni za mdogo wangu. Aliziacha kwenye mchanga huuhuu. Naye aliingia majini, bado hajatoka." Alipangusa vumbi kwenye mkanda mmoja. "Si unahesabu? Mhesabu na yeye."

Utaratibu ulikuwa wazi. Kwenye turubai havikai viatu visivyo na mtu wa mashindano. Lakini nani amwambie baba yake aondoe katambuga za marehemu mbele ya umati? Ottilia aliziacha. Chuoni wangemnyima alama kwa hilo, na wangekuwa na haki.

Mama Hamphrey alipita, akaona, akasimama ghafla.

"Nani kaweka viatu vya maiti pamoja na viatu vya watoto wetu?"

"Ni vya baba mdogo, mama."

"Basi viondoe."

"Mama, ni baba yangu ndiye…"

"Nimesema viondoe, Ottilia. Bendera haijainuliwa, viondoe."

Lakini wapiga kasia walikuwa tayari wamekaa, umati unapiga makofi, na kule mbele msimamizi wa mstari alikuwa ameshainua bendera akidhani amepewa ishara. Mitumbwi ikachomoka. Mama Hamphrey alimtazama Ottilia kwa namna ambayo binti hakuwahi kutazamwa na mama yule, akajifunga khanga kwa nguvu, akaondoka kwenda kusimama peke yake kwenye mawe.

*

Mwera, ule upepo mkali wa kusini, ulianza kabla mitumbwi haijafika kisiwani.

Ottilia aliona kwanza zile nguzo za kungu zikipinda, kisha zikavunjika, kisha maji ya kusini yakabadilika rangi kama nguo iliyolowa. Hakungoja ushauri. Aliweka filimbi kwenye kipaza sauti akapuliza mara tatu, ndefu, mpaka kifua kikamuuma, na juu ya jabali la ufukweni kitambaa chekundu kikapandishwa. Umati ulinung'unika. Mtu mmoja alisema wazi kwamba wasichana wa chuo ni waoga. Mzee Tarsisi alikuwa ameketi kando ya turubai, na kwa mara ya kwanza tangu afike alikuwa amelielekea ziwa.

Mitumbwi ikaanza kurudi, ikipotea na kuonekana katikati ya mawimbi. Boti ya uokoaji, Erasmo akiwa kwenye injini, ilikwenda na kurudi ikiwaleta ambao mitumbwi yao ilijaa maji. Mmoja baada ya mwingine walitoka wakitweta, wakachukua ndala zao, wakaenda kujibanza penye upepo mdogo. Wale walionung'unika walikuwa wamenyamaza. Safu ikapungua, ikapungua tena.

Zikabaki ndala za buluu na katambuga.

"Hamphrey yuko wapi?" Ottilia alimshika mpiga kasia wa mwisho kutoka majini. "Mlikuwa wote. Yuko wapi?"

"Sisi tuligeuza kisiwani, dada. Yeye hakugeuza. Tulimwita."

"Alielekea wapi?"

Kijana alitazama chini. "Nje."

Erasmo hakungoja kuulizwa. Alisema kwa upepo ule hawezi kupita kisiwa, boti itavunjika, na hapo patakuwa na misiba miwili badala ya mmoja. Ottilia hakumbishia. Alijua ni kweli, na alijua ndiye yeye aliyemwandikia kanuni hiyo. Akageuka taratibu kwa baba yake.

"Ulimwambia nini jana?"

Mzee Tarsisi alikuwa amezishika ndala za buluu magotini. "Nilimwambia, niletee jiwe la pale alipo mdogo wangu, nami nitakupa binti yangu. Nilidhani ni siku ya utulivu. Palikuwa pametulia, Ottilia, uliona mwenyewe."

"Maji usiyoyafika hujui kina chake, baba. Wewe hujawahi hata kuyagusa! Ukamtuma mtu akufie?"

"Nilimtuma anioneshe kama ana moyo."

"Na kama sasa hana uhai?"

Mzee alizikaza ndala magotini. Alionekana mdogo ghafla, mzee wa watu mwenye koti la kanisani, ameketi mchangani asipopajua. Ottilia alitaka kumchukia akashindwa, na kushindwa huko kukamuuma kuliko chuki yenyewe. Nilikuwa na filimbi, alijiambia. Nilikuwa na mamlaka ya kumwambia leo hushindani. Nilimwona akinidanganya, nikacheka utani wake.

Mama Hamphrey alikuja kutoka kwenye mawe. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alizitwaa ndala za mwanawe kutoka magotini mwa mzee, akazirudisha mahali pake juu ya turubai, akavua khanga ya begani akazifunika zisilowe.

"Kaa hapa," alimwambia Ottilia. "Ulikuwa ukitaka kuhesabu. Haya, tuhesabu wote."

Wakakaa, wanawake wawili na mzee mmoja, na upepo ukawapiga mchanga machoni. Ottilia alimpenda Hamphrey wakati ule kwa namna ambayo hakuwahi, kwa hasira, kwa mwili wote, akiahidi mambo ambayo mtu huahidi akiwa hana cha kutoa. Mungu, mrudishe tu. Arudi tu, sitauliza kitu kingine.

*

Alirudi.

Mtu mmoja juu ya jabali alipiga ukelele, na watu wote wakakimbilia majini. Mtumbwi ulikuwa umejaa nusu, Hamphrey yumo magotini, anapiga kasia kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameshika kitu kifuani. Wanaume walimdaka. Vigelegele vikapasuka, ngoma za mganda zilizokuwa zimefunikwa zikaanza kulia zenyewe bila mpango, na Mama Hamphrey, yule asiyelia, akaketi majini na nguo zake akalia kama mtoto.

Hamphrey alitembea moja kwa moja mpaka kwa Mzee Tarsisi. Alipiga magoti, akamkabidhi jiwe kwa mikono miwili.

"Nimeleta, baba."

Mzee alilipokea. Alilishika kama mtu anavyoshika kichwa cha mtoto mchanga. Kisha alifanya jambo ambalo Ottilia hakutegemea kuliona maishani. Aliingia ziwani na viatu vyake vya kanisani, akachota maji, akanawa uso.

"Vitalis," alisema. "Vitalis wa mama."

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alimwinua Hamphrey kwa mkono, akamgeuza kwa watu. "Mmemwona huyu? Watu wa Mbuji waje wamwone. Mimi nilisema hamwoi binti yangu huyu, na sasa nasema mbele yenu: akimtaka, ni wake. Mshenga aje hata kesho." Kisha akamsogezea bintiye lile jiwe, macho yake yakimetameta. "Ona, mwanangu. Ona rangi yake upande huu. Nyeusi tii. Hiyo ndiyo rangi ya kilindini, kusikofika jua."

Ottilia aliona.

Lilikuwa jiwe la ukubwa wa kutosha mikono miwili, bapa upande mmoja, lenye pembe iliyomeguka. Aliijua pembe ile. Aliwahi kulishika jiwe hilo na mikono ikatetemeka. Weusi ule haukuwa wa kilindini. Ulikuwa wa moto, wa mafuta ya mbasa, wa siku aliyojua kwamba amekwisha.

Alingoja watu wamzunguke baba yake, akamvuta Hamphrey nyuma ya mtumbwi. Alikuwa bado anatetemeka kwa baridi, midomo imekauka.

"Kisiwani yamebaki mafiga mangapi?"

Hamphrey alifumba macho.

"Nijibu."

"Mawili."

Ngoma zilikuwa zikilia. Ottilia alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndogo. "Uliapa kwa mama yako kwamba utageuza."

"Nilivunja kile kiapo, sikatai. Nilipita kisiwa. Nilikuwa nauona Mwamba wa Nje, Oti, nauona kabisa, ndipo nikasikia filimbi yako. Nikageuza. Baba yako alisema niende, wewe ulisema nirudi, nikakusikiliza wewe. Mawimbi yakanitupa kisiwani, nikakaa pale nimekumbatia mti, nawaza, nikirudi mikono mitupu nimekukosa."

"Ungerudi mikono mitupu ungekuwa umenipata."

Hamphrey alimtazama kama mtu aliyepigwa. Alimshika vidole, na vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki, naye Ottilia hakuvitoa. Hiyo ndiyo aibu ya mapenzi, kwamba hata pale alipojua amedanganywa, alifurahi kwamba vidole vile vipo.

"Mwambie ukweli," alisema. "Njia ya mwongo ni fupi, Hamphrey. Mwambie sasa kabla hawajapanda basi."

"Mtazame kwanza. Ukishamtazama, ukiniambia nimwambie, nitamwambia."

Ottilia akatazama. Mzee Tarsisi alikuwa ameketi tena kando ya turubai, amelivua koti lake akalifunga jiwe, analipakata. Alikuwa akilisemesha kwa Kimatengo, taratibu, kama watu wawili waliokutana baada ya safari ndefu. Alilipa habari za nyumbani. Nani alioa, nani alifariki, mama alivyokufa akimtaja, mibuni ipi iliyokauka na ipi bado inazaa. Akacheka kidogo kwa jambo fulani, akapangusa pua kwa kiganja. Kwa miaka ishirini na zaidi Ottilia hakuwahi kumsikia baba yake akicheka hivyo.

Watalizika lile jiwe. Padri atakuja, ukoo wote utakuja, watalivika sanda na kulitia udongo, figa la wageni wachoma samaki, na mlango utasemwa umefunguliwa. Naye atapita mlango huo na shela kichwani. Na yule aliyekuwa akingoja mlangoni, ataambiwa nini?

"Nimwambie?" Hamphrey alinong'ona.

Ottilia alizidi kumtazama baba yake.

"Ottilia!" Baba yake alikuwa akimwita. "Mwanangu, mbona umenyamaza? Au baada ya yote haya humtaki tena?"

Watu wakacheka. Mama Hamphrey naye alikuwa akitazama, nguo zimemgandama, anatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Ziwa nyuma yao lilikuwa bado linaunguruma.

"Nimefurahi, baba," Ottilia alisema.

"Basi funga huo mchezo wako twende. Mdogo wangu amelala nje vya kutosha." Mzee alisimama na jiwe kifuani, na kile kikapu alichokataa kukiachia kwa kondakta wala kwa bintiye, akampa Hamphrey abebe. Kisha akasimama kidogo, kama mwenye neno alilolisahau. "Nami nitawaambia kule kanisani, wajue. Binti yangu anasomea Utawala wa Burudani."

Hamphrey alivaa ndala zake za buluu. Alimtazama Ottilia mara moja, akaomba msamaha kwa macho, akamfuata mzee. Watu wakawafuata na ngoma.

"Baba!" Ottilia aliita. "Umesahau katambuga."

Mzee Tarsisi aligeuka, uso wake umejaa amani.

"Ziache tu. Mwenyewe si amesharudi? Za nini tena?"

Wakapanda na njia, vigelegele vikawa vinapungua. Ottilia alibaki peke yake, kama kanuni inavyotaka, maana msimamizi huondoka wa mwisho. Aliitwaa filimbi apulize ule mlio mmoja wa kufunga mchezo. Aliiweka mdomoni, akavuta pumzi, akatazama chini.

Pumzi ikamwishia. Turubai lilikuwa na jozi moja, na mwenyewe alikuwa bado majini.